Kuutua Mzigo wa Akili



Somo la mwezi huu linahusu jambo ambalo watu kadhaa wamenieleza mlangoni mwa kanisa, kila mmoja kwa maneno yake. Mmoja alisema, "Mwalimu, kichwa kimejaa." Mwingine alisema, "Nalala, lakini naamka nimechoka." Wa tatu, mama mwenye bidii nyingi, alisema ya kwamba siku hizi husimama jikoni na mwiko mkononi asikumbuke alikuwa anataka kufanya nini. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama huo ni upungufu wa imani.

Somo hili ni jibu langu kwake na kwa wote walio kama yeye. Shabaha yake ni kuonyesha ya kwamba mara nyingi akili haichoshwi na kazi tunayoifanya tu, bali na mambo yote tunayoyashikilia kichwani huku tukiifanya. Na ya kwamba mambo hayo yaweza kutuliwa chini. Mlisome polepole, na majaribio yaliyomo myafanye kweli, nyumbani au katika kikundi.

1. HABARI YA BARUA MOJA

Mwaka 1996 nilikuwa nikifundisha darasa la saba. Nilikuwa pia katibu wa Umoja wa Mama Wakristo katika mtaa niliokaa wakati ule, na nyumbani nilikuwa nikimwuguza mama mkwe. Mume wangu alikuwa kazini mkoa mwingine, akija mwisho wa mwezi. Huko kwetu hatukuwa na simu. Habari ilikwenda kwa barua au kwa mdomo.

Jumapili moja baada ya ibada jirani yangu alinipa barua. Alijua ya kuwa kesho yake nakwenda mjini kuchukua mshahara. Barua ilikuwa ya kaka yake, fundi cherehani karibu na soko. Ilimwambia ya kuwa mama yao, aliyekuwa kijiji cha mbali, ni mgonjwa sana, naye aende upesi. Jirani mwenyewe aliondoka siku ileile kwenda kumwuguza.

Nilikwenda mjini. Nilipanga foleni ya mshahara, nikanunua dawa ya mama mkwe, unga, mafuta ya taa, na karatasi za stensili za mtihani wa majaribio. Soko nililipita mara mbili. Nikarudi nyumbani jioni nikidhani nimemaliza yote.

Alhamisi usiku nilikuwa nikisahihisha madaftari, barua ikaanguka kutoka katika daftari la hesabu. Ijumaa alfajiri nilipanda lori nikampelekea. Nilimkuta akishona sare za shule. Alisafiri siku hiyohiyo, akafika Jumamosi, akakuta kaburi. Mama yao alikufa Jumatano akazikwa Alhamisi.

Jirani yangu alinisamehe. Kaka yake alichukua muda mrefu zaidi, nami sikumlaumu. Kosa lilikuwa langu, wala siandiki haya ili kujitetea. Naandika kwa sababu watu walisema niliipuuza ile barua, na mimi najua sikuipuuza. Niliichukua kwa moyo wote, nikaiweka juu ya mambo mengine kumi yaliyokuwa kichwani, nayo ikaanguka. Tangu hapo nimetaka kujua kwa nini ilianguka.

2. MEZA NDOGO YA AKILI

Fanyeni jaribio hili. Mtu mmoja asome tarakimu polepole, mara moja tu, na mwingine azirudie bila kuandika.

Kwanza: 4, 9, 2, 7.
Pili: 8, 3, 6, 1, 9, 5, 2.
Tatu: 7, 1, 9, 4, 6, 2, 8, 5, 3, 6.

Mstari wa kwanza karibu kila mtu ataurudia. Wa pili utawashinda wengine. Wa tatu utawashinda walio wengi, hata wenye elimu kubwa. Mwaka 1956 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, George Miller, alieleza ya kwamba mtu mzima huweza kushika kichwani kwa mara moja vitu 7 hivi, zaidi au pungufu kwa 2. Waliomfuata, kama Nelson Cowan mwaka 2001, waliona ya kuwa mara nyingi ni pungufu zaidi, yapata 4. Ndiyo sababu namba ya simu yenye tarakimu 10 hatuisomi mfululizo. Tunaikata vipande vitatu au vinne, na kila kipande kinakuwa kitu kimoja.

Basi akili ina ghala kubwa la kutunza mambo ya miaka mingi, lakini meza yake ya kufanyia kazi ni ndogo. Juu ya meza hiyo huenea vitu vichache tu. Ukiongeza kimoja, kingine huanguka upande wa pili, wala hakipigi kelele kinapoanguka.

Sasa tuhesabu vitu vilivyo juu ya meza ya mama mmoja saa 6 mchana. Maharage yako motoni. Mtoto atoke shule aende kliniki. Fedha ya kikundi cha kuweka na kukopa ipelekwe leo. Mgeni anakuja kesho na chumvi imekwisha. Ada ya kijana haijatimia. Mbuzi hajahamishwa. Msiba wa jirani unataka mchango. Hayo ni mambo 7, na bado hajaanza kazi aliyoikusudia. Akisimama na mwiko mkononi asikumbuke alikuwa anataka nini, si ajabu, wala si upungufu wa imani. Meza imejaa.

3. KURUKARUKA HUCHOSHA

Jaribio la pili. Tamka kwa sauti 1 mpaka 10, kisha A mpaka J, na mwenzako atazame saa. Halafu tamka kwa kupokezana: 1, A, 2, B, 3, C, na kuendelea mpaka mwisho. Ni vitu vilevile 20. Lakini safari ya pili utachelewa, utasita, na pengine utakosea. Kazi haikuongezeka. Kilichoongezeka ni kuhama kutoka jambo moja kwenda jingine, na kila kuhama kunadai nguvu yake. Wazee walisema zamani: mshika mbili moja humponyoka.

Siku hizi tumepata kitu kinachotuhamisha tangu asubuhi mpaka usiku, nacho ni simu ya mkononi. Siisemi vibaya, kama ningekuwa nayo mwaka 1996, yule kaka angemkuta mama yake hai. Lakini mtu mmoja ana kundi la WhatsApp la ukoo, la kwaya, la harusi, la msiba, la wazazi wa shule, la wafanyakazi wenzake, na kila moja laita kwa zamu yake. Twadhani tumetazama kidogo tu, kumbe tumehama na kurudi mara kumi kabla ya uji kuchemka.

Shauri langu ni hili. Isipokuwa una mgonjwa au msafiri wa kumngojea, yatazame makundi hayo kwa nyakati ulizozipanga: mara moja asubuhi, mara moja mchana, mara moja jioni. Wakati mwingine sauti ya makundi izimwe. Mwenye shida ya haraka atapiga simu.

4. NJIA YA KWANZA: ANDIKA

Mwaka 1927 mtafiti Bluma Zeigarnik aliyekuwa akisoma Berlin aliandika juu ya watu aliowapa kazi ndogondogo. Nyingine aliwaacha wazimalize, nyingine aliwakatiza katikati. Baadaye walizikumbuka zaidi zile zisizokwisha. Waliorudia jaribio hilo hawakupata jibu lilelile kila mara, lakini kila mwenye kukesha kitandani ajua maana yake: jambo lisilokwisha hubisha hodi.

Je, twawezaje kulituliza ikiwa hatuwezi kulimaliza usiku huo? Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walieleza jaribio walilofanya kwa vijana 57. Kabla ya kulala, nusu yao waliandika kwa dakika 5 mambo watakayoyafanya siku zinazofuata. Nusu nyingine waliandika mambo waliyokwisha kuyafanya. Walioandika ya mbele walipata usingizi mapema kuliko wenzao, kwa dakika 9 hivi. Tena, kadiri mtu alivyoandika kinaganaga, ndivyo alivyolala upesi. Watu 57 si wengi, lakini jambo lenyewe mtu yeyote aweza kulijaribu kwa daftari na penseli.

Sisi walimu tulifundishwa chuoni kuandika andalio la somo, na wengi tuliliona ni adhabu. Miaka mingi baadaye niliona ya kuwa lile andalio lilikuwa likituachia akili huru, tuwatazame watoto badala ya kukumbuka kitakachofuata. Fanya hivi kila jioni baada ya chakula:

(a) Andika yote yaliyobaki kichwani, makubwa na madogo, bila kupanga.

(b) Mbele ya kila moja andika tendo moja na siku yake. Usiandike "Ada" tu. Andika: "Jumatano asubuhi, kwenda shuleni kuomba kulipa kwa mafungu mawili." Neno "Ada" likiwa peke yake hukurudishia wasiwasi, tendo na siku hukupa pa kuanzia.

(c) Chagua mambo matatu ya kesho. Mengine yabaki katika daftari mpaka zamu yake.

(d) Funga daftari, uliweke mahali pamoja siku zote.

Asiyejua kuandika amwombe mjukuu amwandikie, au afunge mafundo katika ncha ya kitambaa kama bibi zetu walivyofanya: fundo moja, jambo moja. Mimi ninalo daftari langu tangu mwezi ule wa barua. Moja likijaa nanunua jingine. Kitu cha mtu nikipewa, naandika mbele yake kabla hajaondoka.

5. NJIA YA PILI: LALA, NA KUPUMZIKA

Kuna watu wanaojisifu kwa kulala saa 4. Waganga wa mambo ya usingizi wanashauri mtu mzima apate saa 7 au zaidi kila usiku. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walipima watu waliokaa macho muda mrefu. Walipofikisha saa 17 bila kulala, wepesi wao wa akili na mikono ulikuwa umepungua sawa na wa mtu mwenye kiasi cha kileo damuni, asilimia 0.05. Sasa pigeni hesabu. Mama aliyeamka saa 10 alfajiri kuwasha moto, ifikapo saa 3 usiku amekwisha kaa macho saa 17. Hajaonja hata tone, naye bado anaosha vyombo na kupiga pasi sare. Wakati huo ndipo twamletea mambo mazito ya kuamua, kisha twashangaa akijibu kwa ukali.

Kanuni ni rahisi: usiamue jambo kubwa usiku ukiwa umechoka, wala usianze ugomvi wa fedha baada ya chakula cha usiku. Mambo mengi ya saa 4 usiku huwa madogo kidogo saa 1 asubuhi.

Kumbukeni habari ya nabii Eliya katika 1 Wafalme 19. Alifika chini ya mti jangwani akiwa ameishiwa kabisa, akaomba afe. Wengi wetu tungemkaribia na mahubiri. Angalieni alichopewa kwanza: usingizi, kisha mkate na maji, kisha usingizi tena, kisha chakula mara ya pili. Mazungumzo juu ya kazi yake na hofu yake yalikuja baadaye, baada ya safari ya siku 40. Mpangilio huo ni somo kwetu tunapomtembelea mtu aliyechoka. Tuende na uji.

Kupumzika mchana nako si uvivu. Mwaka 1948 Norman Mackworth wa Uingereza aliwapa watu kazi ya kutazama mshale kama wa saa kwa muda wa saa 2, watambue kila uliporuka kupita kiasi. Baada ya nusu saa ya kwanza walianza kukosa zaidi. Kwa hiyo baada ya kazi ya kukaza akili, simama, nyosha mgongo, tembea mpaka kwenye mti, urudi. Hata sheria inajua jambo hili: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mama wa nyumbani hana sheria ya kumtetea. Hana budi kutetewa na watu wa nyumba yake.

6. NJIA YA TATU: GAWA

Katika Kutoka 18 Yethro alimkuta mkwewe Musa akiwaamua watu peke yake tangu asubuhi mpaka jioni. Hakumsifu kwa bidii. Alimwambia wazi ya kuwa atachakaa, yeye na watu pia. Akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Kama mwalimu wa hesabu sikuweza kuacha kupiga hesabu hiyo. Kwa kila watu 1,000 watakuwapo wakuu wa kumi 100, wa hamsini 20, wa mamia 10, na wa elfu 1. Jumla ni watu 131 kufanya kazi ambayo mmoja alikuwa akiifanya peke yake.

Tazameni sasa mtaani kwetu. Aliye mwaminifu katika fedha za kwaya twampa na fedha za ujenzi. Akizitunza vema, twamfanya mwalimu wa watoto wa Jumapili, kisha mwenyekiti wa mapokezi ya Askofu. Siku akikosea tunanong'ona. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tunaoutazama twauona mwepesi. Naomba Halmashauri ya mtaa ichukue karatasi moja, upande wa kushoto iandike kazi zote, upande wa kulia majina. Jina likionekana zaidi ya mara mbili, mwenye jina aulizwe kwa upendo ni kazi ipi atuliwe, na mwingine afundishwe kuifanya.

Nyumbani kadhalika. Hapa nasema na akina baba na vijana. Mtu akiuliza, "Nikusaidie nini?" amefanya vizuri, lakini kazi ya kukumbuka bado ameiacha kwa mama, nayo ndiyo inayochosha kichwa. Chukua jambo zima. Usingoje kuagizwa maji. Maji yawe yako, pipa likipungua ulijaze bila kuambiwa. Kliniki ya mtoto iwe yako, na tarehe yake uijue wewe. Hapo utakuwa umetua kitu kimoja kabisa kutoka katika meza yake. Nawe mama, ukimpa mtu jambo, mwachie. Usimfuate nyuma ukirekebisha, maana utakuwa umelibeba tena.

7. UCHOVU UNAOHITAJI MGANGA

Si kila uchovu hutibiwa kwa daftari na usingizi. Malaria, upungufu wa damu, kisukari na ugonjwa wa tezi ya shingo huweza kumfanya mtu achoke na kusahau. Kwa hiyo mtu akipumzika siku kadhaa asipate nafuu, aende zahanati apimwe.

Uko pia ugonjwa wa sonona. Mtu akiwa na huzuni, au akikosa furaha hata katika mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa muda wa majuma mawili au zaidi, huku usingizi na chakula vimeharibika, asiambiwe ajikaze. Ni ugonjwa, una matibabu, na kwenda hospitali si kumkana Mungu. Na yeyote anayewaza kwamba afadhali afe, asikae na wazo hilo hata usiku mmoja. Amwambie mtu leo, naye aliyeambiwa asimwache peke yake, ampeleke hospitali.

8. MWISHO

Namrudia yule mama na swali lake. Ndugu yangu, imani yako haikupungua. Umebeba vitu vingi kuliko vinavyoenea katika meza uliyopewa, na wengine wetu tulikuongezea bila kutazama. Leo jioni andika. Leo usiku lala mapema. Jumapili tuambie ni kipi tukupokee.

Mimi nilijifunza haya kwa gharama aliyoilipa mtu mwingine. Yule fundi ni mzee sasa. Mwaka juzi alinishonea gauni la Pasaka, na nilipokwenda kulichukua aliniona nikiandika siku ya kumletea salio lake. Akatabasamu, akasema, "Andika, Mwalimu, andika."

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja mambo yote uliyoyashikilia kichwani wakati huu. Ni mangapi? Ni yapi yanaweza kuandikwa na kuachwa mpaka siku yake?

2. Nyumbani kwako, ni nani anayekumbuka kwa niaba ya wote? Mwulizeni amechoka kwa lipi.

3. Kwa nini Eliya alipewa chakula na usingizi kabla ya maneno? Sisi twafanyaje tunapowatembelea waliochoka?

4. Katika mtaa wetu, ni kazi ipi iliyo mikononi mwa mtu mmoja kwa miaka mingi? Ni nani anayeweza kufundishwa aipokee?

5. Kila mmoja achague jambo moja zima la kumpokea mtu mwingine mwezi huu. Kikao kijacho aeleze lilivyokwenda.